Neno Hujulikana kwa Jirani Zake: Somo la Kiingereza kutoka Salgaa



Ndugu wasomaji, jina la Salgaa si geni katika nyumba zetu. Changamwe, Mikindani, Miritini na Mariakani zimejaa familia ambazo mume, kaka au mwana wao huendesha malori ya mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Akipiga simu usiku na kuulizwa yuko wapi, mara nyingi jibu ni hilo: "Niko Salgaa." Ni mji mdogo wa eneo la Rongai, kaunti ya Nakuru, kando ya barabara kuu iendayo Eldoret. Malori hujipanga hapo kwa safu ndefu, na madereva hula, hulala na kungoja alfajiri. Sifa zake zinazovuma ni mbili: ajali za mteremko wake na majaribu ya usiku wake. Leo napenda kuizungumzia Salgaa kwa jambo la tatu ambalo halivumi, nalo ni karatasi.

Dereva anayelala pale huwa na fungu zima la karatasi ndani ya gari: hati za forodha, hati za kukabidhi mzigo, bima, na mkataba wake wa kazi. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na ikakiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, karatasi hizo karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza kizito. Madereva wetu wengi huzungumza Kiingereza cha kuwatosha kuelewana na askari njiani au karani wa ghala. Kinachowapita ni kile kilichoandikwa.

Nilipokwenda Salgaa kutoa mawaidha kwa madereva, kijana mmoja wa huku kwetu alinieleza yaliyomfika. Sitamtaja yeye wala kampuni aliyoifanyia kazi. Aliumia mguu katika ajali, na baada ya miezi kadhaa akaitwa ofisini, akapewa hundi ndogo na barua ya kutia sahihi. Ndani ya barua hiyo mlikuwa na maneno haya: "full and final settlement". Kijana aliyatazama moja moja. "Full" alilijua. "Final" alilijua kwa sababu ya fainali za mpira. "Settlement" alilijua tangu utotoni, kwani babu yake alipata shamba katika skimu ya makazi ya Magarini, na wazee hawakuiita kwa jina jingine ila hilo la Kiingereza. Hakuona neno la kumtisha. Akatia sahihi.

Maneno yale yakikaa pamoja hayazungumzii makazi wala mashamba. Yanasema kwamba malipo haya ndiyo yote, na ndiyo ya mwisho, na kwamba aliyeyapokea amekubali kuwa hana dai jingine. Yeye alidhani hundi ile ni sehemu ya kwanza ya haki yake. Matibabu yaliyobakia ameyalipa kwa kukopa kwa jamaa zake.

Tulitafakari jambo hili kwa makini. Kijana huyu hakushindwa na neno asilolijua. Alishindwa na neno alilodhani analijua. Alikuwa amelibeba kwa maana moja tangu utotoni, na hakupata kufundishwa kulitazama limekaa na nani. Neno ni kama mtu. Mtu yule yule nyumbani ni baba, kazini ni mtwana wa watu, na msikitini ni maamuma katika safu. Anayetaka kujua ni nani kwa wakati huu hana budi kutazama yuko wapi na amezungukwa na akina nani. Maneno ya Kiingereza cha juu yana tabia hiyo zaidi kuliko maneno mepesi. Ndiyo sababu hayafundishiki vyema kwa orodha, bali kwa vifungu vya kusoma.

Hasara hii haiwapati madereva peke yao. Watoto wetu wa sekondari hukutana nayo katika chumba cha mtihani. Karatasi ya pili ya Kiingereza katika mtihani wa kidato cha nne huwa na kifungu cha ufahamu, na miongoni mwa maswali yake ni lile linalomtaka mwanafunzi aeleze maana ya maneno fulani kama yalivyotumika ndani ya kifungu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha swali. Mtahini haulizi neno lina maana gani katika kamusi. Anauliza lina maana gani hapa. Mtoto aliyekesha akihifadhi orodha, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, huandika maana ya kwanza iliyomjia, na alama zikampita ilhali neno alilijua.

Chukueni mfano wa neno "prejudice". Orodha nyingi zitampa mtoto maana ya chuki au kuhukumu watu kabla ya kuwajua. Maana hiyo ni sahihi. Lakini siku moja mtoto huyo atakua, naye atapokea barua ya wakili ambayo juu yake imeandikwa "without prejudice". Akitafsiri kwa orodha yake, atadhani wakili anamhakikishia kuwa hamchukii! Makusudio ya wakili ni mengine kabisa: kwamba yaliyomo katika barua ile, kwa kuwa ni mazungumzo ya kutafuta suluhu, yasije yakatumiwa mahakamani dhidi ya upande ulioandika. Aliyewahi kusoma kifungu kimoja tu cha habari za madai na suluhu hatadanganyika. Aliyesoma orodha mia huenda akadanganyika.

Sasa, ndugu zangu, njia ninayoinasihi si bidaa iliyotoka ng'ambo. Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa kwa njia hiyo hiyo. Hakuna mwalimu wetu aliyetupa orodha ya maneno ya Kiarabu na kutwambia tuihifadhi. Tulikaa mbele yake na Safinatun Najaa, na baadaye Al-Ajurrumiyya. Mwalimu akasoma matini kipande kwa kipande, akafasiri, kisha akafungua sherehe yake. Neno "baab" tulilijua kuwa ni mlango wa nyumba, lakini katika matini tukalikuta ni mlango wa kitabu. Neno "kitaab" tulilijua kuwa ni msahafu au juzuu mkononi, kumbe katika fiqhi huwa ni sehemu kubwa yenye milango mingi ndani yake. Hatukuchanganyikiwa, kwa sababu kila neno lilitujia likiwa limekaa mahali pake. Tena siku ya pili mwanachuo aliambiwa arudie kusoma mwenyewe, na neno lile likarudi, na wiki iliyofuata likarudi tena, mpaka likawa lake.

Basi natuifanye njia hiyo kwa Kiingereza. Nimetunga kifungu kifupi mno kinachohusu mteremko wa kutoka Mau Summit kuja Salgaa, na kila mzazi anaweza kukisoma na wanawe:

"The descent towards Salgaa is deceptive. It appears gentle, yet a laden lorry gathers momentum so rapidly that a driver who relies on brakes alone may find them useless before he reaches the bottom."

Katika sentensi hizi mbili mna maneno manne ambayo mwanafunzi wa kawaida huweza kukwama: "descent", "deceptive", "laden" na "momentum". Asikimbilie kamusi. Kwanza asome mpaka mwisho, kisha aulize majirani. Neno "bottom" lililo mwishoni linamwambia kwamba safari hii inakwenda chini, basi "descent" ni mteremko. Sentensi ya pili inasema mahali hapo paonekana pole, kisha linakuja neno dogo "yet", nalo hugeuza mambo: kumbe sivyo. Kitu kinachoonekana hivi na kumbe sivyo ni kitu cha kuhadaa, na hiyo ndiyo maana ya "deceptive". Neno "laden" limetangulia lori, na lori hilo linashindwa na breki. Lori la namna hiyo ni lile lililosheheni, na wala si tupu. "Momentum" ni kitu kinachokusanyika upesi gari linaposhuka, hata breki zikaelemewa. Mtoto atasema ni kasi, na atakuwa amekaribia sana. Mwalimu wake wa fizikia atamwongezea kwamba ni kasi pamoja na uzito wa kitu, na uzito huo ndio unaoliua lori.

Baada ya hapo ndipo afungue kamusi ahakikishe. Neno lililokisiwa kwanza, kisha likathibitishwa, hukaa moyoni kuliko lililopewa bure.

Nimekichagua kifungu hiki kwa sababu maana yake imeandikwa kwa damu. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan, juu kidogo ya Salgaa, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017, hapo Migaa katika barabara hiyo hiyo, basi na lori viligongana na watu 36 wakapoteza maisha. Madereva wenyewe wanajua kwamba wapo wanaouacha mteremko ule uwabebe gari likiwa halina gia, ili kuokoa mafuta. Mtoto wa dereva akijifunza neno "deceptive" kwa kifungu kama hiki, amejifunza neno na amejifunza kazi ya baba yake.

Wanachuo wana nyenzo nyingine ambayo huisahau wakivuka mlango wa shule, nayo ni ilimu ya sarfu. Chuoni tulifundishwa kuutafuta mzizi: kutokana na herufi tatu zile zile hupatikana kitabu, katibu na maktaba. Kiingereza nacho kina mizizi, mingi ikiwa imetoka Kilatini. Watu wa bandarini wanayajua maneno "import", "export" na "transport" kama wajuavyo majina yao. Mzizi wa yote matatu ni kubeba: kubeba kuingiza, kubeba kutoa, kubeba kuvusha. Anayelijua hilo akikutana na "portable" katika kifungu hatahitaji msaada, kwani ataona ni kitu kinachobebeka. Mzizi peke yake huweza kukupoteza, na jirani peke yake huweza kukuacha na shaka. Viwili vikikubaliana, shika maana yako.

Wala lugha hii si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Neno "tariff", analolikuta wakala wa forodha kila siku, asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa neno letu taarifa. "Magazine" limetoka katika mzizi uliotupa neno hazina. "Algebra", inayowaliza vijana wetu, ni al-jabr, jina lililotokana na kitabu cha Al-Khwarizmi. Kijana wa chuo anapokisoma Kiingereza hukutana njiani na jamaa zake wa zamani.

Swali linalofuata ni hili: mtu asome vifungu vya kiasi gani cha ugumu? Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand aliyetumia umri wake kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza msamiati, ameonyesha pamoja na wenzake kwamba ili msomaji aelewe vizuri bila msaada, yafaa awe anajua kiasi cha maneno 98 katika kila 100. Maana yake, neno geni lisizidi moja katika kila maneno 50. Ukurasa wa kitabu cha kawaida una maneno 250 hivi, kwa hiyo maneno mageni yasizidi matano. Hiyo ni hesabu ya vidole vya mkono mmoja. Mtoto afungue ukurasa, na kila akikutana na neno asilolijua akunje kidole. Vidole vikibakia, kitabu hicho anaweza kukisoma peke yake. Vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, basi kitabu hicho ni cha kusomwa pamoja na mwalimu au mzazi, au kingoje mwakani. Watoto wengi hukichukia Kiingereza kwa sababu walitwishwa kitabu cha vidole ishirini.

Najua kuna wazazi wanaohofu kwamba saa ya Kiingereza ni saa iliyoibiwa kwa Qur'ani. Hofu yao ina heshima yake, lakini nawakumbusha habari ya Zayd bin Thabit, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na amani na wao katika barua zake. Zayd alijifunza katika muda wa kiasi cha nusu mwezi, akawa ndiye anayeziandika na kuzisoma barua hizo. Na Zayd huyo huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuikusanya Qur'ani katika ukhalifa wa Abubakar. Lugha ya wengine haikumpunguzia kitu. Tazameni pia sababu yenyewe: ni barua. Umma usioweza kuzisoma barua zake huwekwa katika mikono ya anayezisoma kwa niaba yake.

Hapa kwetu pwani, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na alikuwa akiwahimiza Waislamu washike ilimu za zama zao pasina kuiachia dini yao. Mwanawe, Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alipata daraja la tatu tu katika mtihani wa Cambridge, na matokeo hayo hayakutosha kumwingiza Makerere. Hakukaa akalia. Alifanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, akaendelea kujisomea, akapata nafasi ya kwenda Uingereza, na mwisho akafundisha Makerere hiyo hiyo mpaka akawa profesa. Dunia ilimjua kwa ufasaha wa Kiingereza chake. Alipofariki mwaka 2014, alirudishwa akazikwa Mombasa.

Basi tufanye nini? Napendekeza jambo dogo ambalo kila nyumba inaliweza. Usiku mmoja wa wiki, baada ya swala ya Isha, familia ichague kifungu kimoja cha Kiingereza kisichozidi nusu ukurasa. Kiwe ni cha gazeti, au cha kitabu cha shule, au hata kipande cha bima ya gari. Kisomwe mara mbili kwa sauti kabla ya mtu kuuliza neno lolote. Kisha yachaguliwe maneno matano, wala yasizidi. Kila mmoja akisie maana yake na aeleze ni jirani gani aliyemwonyesha. Halafu ifunguliwe kamusi. Neno liandikwe daftarini pamoja na sentensi yake nzima, lisiandikwe peke yake. Mwisho, kila mmoja atunge sentensi yake mwenyewe inayohusu mambo ya nyumbani. Wiki inayofuata yaanze kurejelewa maneno ya nyuma kabla ya kuingia mapya. Matano kwa wiki ni zaidi ya mia mbili na hamsini kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Na baba aliye Salgaa asiachwe nje ya darsa hii. Mtoto akipige picha kifungu cha wiki na kukituma kwa simu. Baba naye, pale malori yanapongoja alfajiri, akisome ndani ya gari lake, ayakisie maneno matano, kisha apige simu washindane. Atakuwa ameupa usiku wake kazi ya maana. Mtoto atafurahi kumshinda baba yake, na baba atakuwa amejifunza bila kuona haya ya kukaa darasani. Akina mama mnaoyahofia majaribu ya mji ule, hii nayo ni kinga mojawapo baada ya dua na swala.

La mwisho ni la dharura, na halingoji mwaka mzima. Yeyote anayepewa karatasi ya kutia sahihi aseme kwa adabu: "Nipeni muda niisome." Hata neno likiwa analijua, atazame limekaa na nani. Likimtatiza, aipige picha karatasi ile na kuituma kwa mtu anayejua, au aende kwa wakili kabla ya kushika kalamu. Kuuliza si ujinga. Sahihi hutiwa kwa nukta moja tu, na mzigo wake huenda ukabebwa umri mzima.

Mwenyezi Mungu awahifadhi madereva wetu njiani, awape watoto wetu ilimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosoma wakafahamu. Amin.